Mapenzi ya Kazi Huzaliwa Kazini

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, jambo ambalo aghalabu hutukia katika mwezi wa Januari, hufanyika katika majumba mengi ya mjini na ya shamba kikao cha aila chenye shauri moja tu. Baba na mama, pamoja na mjomba au shangazi aliyesaidia kununua sare na madaftari, humweka kijana mbele yao, wakamtazama kwa mapenzi yaliyochanganyika na wasiwasi, kisha wakamwuliza, "Haya mwanetu, sasa wataka kuwa nani?" Aliyefaulu sana hutaja udaktari, uhandisi au uanasheria, aliyefaulu kwa kadiri hutaja ualimu au uuguzi, na hutaja kwa sauti ya chini, na yule aliyeangukia divisheni ya nne au sifuri hainui kichwa, kwa kuwa yeye na wazee wake wamekwisha kukubaliana, bila ya kusemezana, kwamba swali hilo sasa ni la watoto wa watu wengine.

Katika makala haya nakusudia kuitetea rai moja: kwamba swali hilo, pamoja na nia njema ya wanaoliuliza, linadai jibu ambalo kijana hana njia ya kulijua. Mtu wa miaka 17 au 18 amekaa na walimu darasani, amemwona mganga wa zahanati kwa dakika chache, amepanda gari la dereva, amenunua dukani, na amelima au amevua ikiwa kwao ni wakulima au wavuvi. Kazi nyingine zote alizonazo kichwani ni majina matupu. Hakuna mtu aliyeishi na jina la kazi kwa miaka thelathini. Watu huishi na saa za kazi, zile zinazojirudia tangu asubuhi hata jioni, na ndizo humridhisha mtu au humchosha.

Mwenye kutamani uhasibu, mathalani, hutamani ofisi yenye kipoza hewa na mshahara wa mwisho wa mwezi, asijue kwamba sehemu kubwa ya uhasibu ni kuitafuta mpaka usiku tofauti ya shilingi elfu nne baina ya taarifa ya benki na daftari la kampuni, na kufurahi kwelikweli inapoonekana. Mwenye kutamani udaktari hutamani koti jeupe na taadhima ya watu, asijue kwamba kazi yenyewe ni zamu za usiku, ni kuwaambia jamaa wa mgonjwa habari wasiyopenda kuisikia, na kurudi tena wodini kesho yake kwa uso mkunjufu. Na yule anayeudharau ufundi wa mabomba huyadharau matope, asijue ladha ya akili iliyomo katika kutambua, ndani ya nyumba iliyojengwa bila ya ramani, mahali hasa ambapo maji yamekwama. Basi watu wawili wanaweza kuingia katika kazi ya jina moja, mmoja akanawiri na mwingine akanyauka, kwa sababu mmoja alizipenda saa zile na mwingine alilipenda jina.

Ngazi tuliyorithi

Heshima hii tunayowapa wenye kalamu na kuwapunguzia wenye nyundo ina tarehe na ina sababu. Wajerumani walipofungua shule ya serikali mjini Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, muradi wao mkubwa ulikuwa kujipatia makarani, walimu na watumishi wadogo wa dola, wenye kujua kusoma, kuandika na kuhesabu, ambao wangeweza kutumwa hata kwenye nafasi za uakida. Katika shule ile ile palikuwa pia na mafunzo ya ufundi, na gazeti la Kiongozi lilipigwa chapa pale pale. Lakini kilichobaki katika kumbukumbu za watu ni karani, na Waingereza walipoishika nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, karani aliendelea kuwa karani. Mshahara wake ulikuja kwa tarehe, nguo yake haikuchafuka, na alikaa karibu na mkubwa mwenye amri. Seremala na mhunzi walibaki na hadhi yao mtaani, ila katika ngazi ya serikali hawakuwa na kipandio. Mzazi mwenye busara wa zama zile, akiutazama ulimwengu kama ulivyokuwa, alimsukuma mwanawe kwenye meza na wino, naye hakukosea hesabu. Tulioikosea ni sisi tulioendelea kuifuata hesabu ile hata baada ya meza kuwa chache na wahitimu kuwa wengi.

Aliyelisema jambo hili kwa uwazi mkubwa alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye naye aliipenda kazi ya kufundisha na kuiacha mwaka 1955, akiwa katika shule ya Pugu, kwa ajili ya siasa. Katika waraka wake wa Machi 1967 uitwao Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba shule za msingi zilikuwa zikiwatayarisha watoto wote kwa ajili ya mtihani wa kuingia sekondari, ilhali walio wengi wasingeingia huko kamwe, na hivyo kila mwaka taifa lilikuwa likizalisha kwa mikono yake jeshi la watoto wanaojiona wameshindwa hata kabla ya kuanza kuishi. Alitaka elimu ya kila daraja iwe kamili kwa nafsi yake, yaani mtoto aondoke nayo akiwa na kitu cha kuishia, akiendelea au asiendelee.

Tangu hapo zimefanyika juhudi kadha wa kadha. Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano uliotoka Sweden. Mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo kila mtu huiita VETA. Na Sera ya Elimu na Mafunzo katika toleo lake la 2023 imeweka mkondo wa amali katika sekondari, ukienda sambamba na mkondo wa jumla, ili mwanafunzi aweze kusoma fani ya kazi akiwa bado shuleni. Wahenga walikwisha kusema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Walakini serikali huweza kuubadilisha mtaala kwa waraka mmoja, ila si heshima, ambayo hubadilika pale tu wazee wanapoanza kuona, kwa macho yao, watu waliopita njia nyingine wakafika.

Watu watatu

Tuwatazame basi watu watatu waliofika, ambao habari zao zinajulikana na wote, na ambao hapana hata mmoja kati yao ambaye angeweza kutoa jibu sahihi katika kile kikao cha aila.

Wa kwanza ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika jimbo la Tanga. Baada ya kusoma Dar es Salaam aliingia kazini mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, na katika idara hiyo alikaa mpaka mwaka 1944, akihamishwa huku na huko. Kisha akatumika katika idara ya wanyama, halafu katika ofisi ya jimbo la Tanga, na mwisho katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Kwa hesabu ya cheo, huyo ni karani aliyeishi na kuzeeka karani. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya mafaili na mihuri, mashairi yake yalisomwa katika gazeti la Mambo Leo, na kitabu chake cha Kusadikika kilitoka mwaka 1951, angali mtumishi wa serikali. Mshahara wa ukarani uliilisha nyumba yake, nao uandishi uliilisha roho yake, na hatuna haki ya kusema kwamba ule wa kwanza ulikuwa hasara, maana bila ya huo pengine huu wa pili usingepata taa ya kuandikia. Kijana aliyepata kazi isiyo ya ndoto zake, lakini halali na yenye saa zinazojulikana, ajue kwamba hajapotea njia. Amepewa riziki pamoja na jioni zake, na jioni za mtu ni mali kubwa.

Wa pili ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watu waliokuwa wametumikishwa utumwani. Hakupelekwa shule. Kazi aliyoikuta nyumbani ilikuwa ufinyanzi, na inasimuliwa kwamba alipokuwa akivichukua vyungu kwenda kuviuza, sauti yake ya kuvinadi ndiyo iliyomtangulia. Mwaka 1911 hivi, akiwa mtu mzima wa kiasi cha miaka thelathini, alihamia mjini, akakutana na mwanamuziki Ali Muhsin, naye akamfundisha kuimba kwa kanuni. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi sahani za santuri, akiimba taarabu kwa Kiswahili, na sauti yake ikaenea mwambao mzima. Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia. Kipaji chake kilijidhihirisha ndani ya kazi nyingine, mchana kweupe, barabarani, katika kuuza vyungu. Na kipaji hicho kisingefika mbali kama asingepatikana mtu wa kukinyoosha, na kama yeye mwenyewe angeona haya kuwa mwanafunzi akiwa na umri ule.

Wa tatu ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati wake, alikwenda Tanga kutafuta kibarua katika mashamba ya katani, kisha akaingia Dar es Salaam, ambako alifanya kazi nyingi ndogondogo, ikiwemo ya utumishi wa nyumbani. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao laini za kiwandani, akitumia rangi ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndiyo aliyoimudu kwa bei, na picha zake zikapata wanunuzi penye maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alichora kwa miaka minne tu, maana mwaka 1972 alipigwa risasi kwa makosa na polisi, akafa. Lakini katika muda huo alikuwa amekwisha kuwafundisha jamaa zake, na kwa ajili hiyo leo jina lake limekuwa jina la namna nzima ya uchoraji, nayo imewapatia watu wengi chakula. Hakungoja apate turubai na rangi za mafuta kutoka ng'ambo. Alianza na kilichopatikana dukani.

Ukiwaweka watatu hawa pamoja, utaona kwamba hakuna aliyeipata kazi ya moyo wake kwa kufikiri juu yake akiwa amekaa. Mmoja aliikuta pembeni ya kazi, wa pili ndani ya kazi, wa tatu baada ya kazi nyingi. Kwa hiyo mtu anayewashauri vijana wakae nyumbani mpaka "wajitambue" anawashauri kungoja barua ambayo haikuandikwa.

Mwaka wa kwanza hudanganya

Hata hivyo haifai kumwambia kijana ashike kazi yoyote kisha aivumilie mpaka afe, kwa kisingizio kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni kweli kwa mvivu; lakini yuko kijana mwenye bidii aliyeingia mahali pasipo pake, naye anahitaji kipimo cha kumwonyesha kama uchungu alio nao ni uchungu wa kujifunza au ni uchungu wa kupotea. Kipimo hicho walikuwa nacho mafundi wa zamani, na bado kipo.

Nenda Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako majahazi yangali yakiundwa pwani. Mwanagenzi hakabidhiwi mkuku siku ya kwanza. Hubeba mbao, hunoa tezo, husokota pamba ya kukalafatia, hushikilia taruma ili fundi apime kwa jicho, na hutumwa maji na tumbaku. Akiihukumu kazi ya uundaji kwa siku hizo ataona ni utumwa mtupu, kwa sababu katika kazi zote za ustadi sehemu isiyo na ladha huja mwanzo, na sehemu yenye ladha, yaani kuamua, kukadiria, kusahihisha na kumaliza, huja mwisho. Ndiyo maana desturi ya mwambao ilikuwa ni kumpa fundi kilemba mwanafunzi anapohitimu, ikawa ni shukrani inayotolewa wakati ambapo mpokeaji na mtoaji wote wanajua thamani yake. Nasi tunaposema ukiona vyaelea vimeundwa, tunakumbushana kwamba kila wepesi uonekanao mikononi mwa bingwa una miaka nyuma yake.

Basi kijana asijitazame mwenyewe katika mwaka wa kwanza, amtazame bingwa. Amtazame fundi mkuu katika siku yake mbaya, siku ambayo mbao imepasuka, mteja amekuja kugomba na jua linawaka, kisha aiulize nafsi yake kwa haki: je, shida zile anazoshindana nazo mzee huyu ningependa ziwe shida zangu? Ikiwa jibu ni ndiyo, uchungu wake ni wa kujifunza, na avumilie. Ikiwa hata siku njema ya bingwa, yenye sifa na malipo, haimtii hamu, basi aondoke kwa adabu na kwa shukrani, mapema iwezekanavyo, maana hapo mbele ya safari hakuna kitu anachokitaka. Kipimo hiki hufaa kwa gereji kama kinavyofaa kwa benki, shule, hospitali na shamba.

Kuna sababu nyingine ya kumpa ustadi nafasi ya kwanza. Tulizoea kudhani kwamba mtu huanza kwa kuipenda kazi, ndipo akawa hodari. Lakini waulizeni mafundi cherehani, waulizeni walimu wa miaka ishirini, waulizeni manahodha, na wengi watawaambieni kwamba mapenzi yalikuja nyuma ya uwezo. Mtu hufurahi anapokifanya kitu vizuri, hufurahi zaidi anapoulizwa na wenzake namna ya kukifanya, na furaha hiyo hurudi kumpa bidii mpya. Raghba na ustadi hulishana, na aliye nje ya kazi hana njia ya kuonja kimoja wala kingine.

Miezi ambayo haina mwalimu

Hapa yapasa tuzungumze habari ya wakati. Mtihani wa kidato cha nne humalizika mwezi wa Novemba, na wale watakaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni mwezi wa Julai. Katikati yake ipo miezi kama saba au minane, ambayo katika nyumba nyingi hupita kwa kulala mchana, kutazama simu na kungoja. Laiti ningekuwa na sauti ya kufika kila nyumba, ningewasihi wazazi waihesabu miezi hiyo kuwa ni kidato chenye thamani sawa na vile vinne vilivyopita, kwa kuwa ndicho kidato pekee ambacho kijana anaweza kukitumia kuziona saa za kazi kabla ya kulichagua jina.

Njia yake si ya gharama. Kijana aandike kazi tatu anazozifikiria, na moja kati yake iwe ya mikono. Kisha aila imtafutie kwa jamaa, jirani, muumini mwenzao wa msikitini au kanisani, mtu mmoja aifanyaye kila moja, na waombe idhini kijana akae naye kwa majuma mawili matatu, akifagia, akibeba, akiandika, akitumwa. Keko, Dar es Salaam, yako makarakana ya samani ambamo mtu mwenye macho atajifunza katika juma moja tofauti ya mninga na mkongo, namna bei inavyopangwa, na namna mteja anavyokwepa kulipa. Katika duka la dawa atajifunza subira. Katika ofisi ya wakili atashangaa kuona wingi wa karatasi na uchache wa hotuba. Katika shamba la mboga atajua kwamba mkulima wa leo ni mfanyabiashara anayeiogopa bei kuliko ukame. Wala asiulize mshahara tu. Aulize: ni jambo gani humkosesha mwenye kazi hii usingizi? Mwaka upi ulikuwa mgumu, na aliuvukaje? Kama angekuwa na mtoto wa umri wangu angemleta hapa? Jibu la swali hili la mwisho, pamoja na ule muda wa kusita kabla ya jibu, lina elimu nyingi.

Serikali inapofungua nafasi ya kubadilisha tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, baada ya matokeo kutoka, kijana huyo hataandika michepuo ya sayansi kwa sababu rafiki zake wameandika, wala hataikimbia kwa uvumi kwamba ni migumu. Ataandika akijua mlango anaoutafuta uko upande gani. Nafasi hiyo ataitumia kwa hoja badala ya kwa hofu.

Milango iliyopo

Kwa yule ambaye kidato cha tano hakikumwita, milango ni mingi kuliko anavyoambiwa. Vipo vyuo vya kati vinavyotoa astashahada na stashahada za afya, kilimo, mifugo, misitu, uvuvi, ardhi na biashara, na baadhi yake huwapokea wenye ufaulu wa wastani katika masomo yanayohusika. Vipo vyuo vya VETA, ambavyo huchukua hata waliomaliza darasa la saba katika fani kadhaa, kama vile uashi, umeme wa majumbani, uchomeleaji, ushonaji, mapishi na ufundi wa magari. Vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi katika wilaya nyingi. Na kwa aliyejifunza mtaani, chini ya mwembe au ndani ya gereji isiyo na kibao, VETA ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi: fundi hupimwa kwa alijualo, akaongezewa alilokosa, akapewa cheti kinachotambuliwa. Wengi hawaujui mlango huu, na kwa kutoujua wanakosa zabuni na ajira ambazo mikono yao ingeziweza. Kwa mwenye azma ya kuanzisha kiwanda kidogo lipo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lenye mafunzo na mashine za kusaidia.

Nako chuo kikuu ni mlango mwema kwa mwenye haja nao, na hakuna budi taifa liwe na wahandisi na matabibu. Ila kijana anayekwenda huko kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, aelewe kwamba huo ni mkopo, na kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka umalizike. Si sababu ya kuogopa. Ni sababu ya kutochagua shahada kwa upofu, kwa kuwa shahada iliyochukuliwa ili kumfurahisha mjomba hulipwa na mwanafunzi, mjomba hayumo.

Wazazi na suala la riziki

Najua kwamba baadhi ya wasomaji watasema, na wana haki ya kusema, kwamba habari za kuridhika ni za walioshiba, na kwamba mtoto wa maskini hutafuta kula kwanza. Wahenga wetu hawakulikwepa jambo hili. Walisema kazi mbaya si mchezo mwema, yaani kazi hata ikiwa duni ni bora kuliko starehe isiyo na faida, na kijana anayeendesha bodaboda ili wadogo zake wasome anastahili kupigiwa saluti. Ninachokiongeza ni kwamba kazi ya riziki na kazi ya moyo si maadui wanaosubiri kuonana mahakamani. Mwendesha bodaboda aliyetenga kidogo kidogo akanunua vifaa vya ufundi wa pikipiki, akajifunza injini kwa fundi jioni, ameanza safari. Na yule aliyejiambia kwamba atajifunza siku atakapopata mtaji mkubwa, mara nyingi mtaji na siku vyote havifiki.

Wazazi nao wana sehemu yao, na ni nzito. Hofu yao ni halali, kwa kuwa wao ndio watakaomlea asipofanikiwa. Lakini hofu hiyo itumike kuuliza maswali mazuri badala ya kutoa amri. Mzazi amwulize mwanawe ni kazi zipi amezitazama kwa karibu, ni shughuli gani huifanya bila ya kusukumwa, ni jambo gani majirani humjia wakiomba msaada wake, iwe ni kutengeneza redio, kusuluhisha wagomvi, kupika karamu au kutunza wagonjwa. Na mzazi asimlinganishe na mtoto wa fulani. Mwenye dini humwomba Mungu uongozi, na pwani watu husali istikhara wanapokabiliwa na mambo mawili. Lakini hata mwenye kusali istikhara huanza kwa kuyatafuta na kuyajua hayo mawili, hamtwiki Mola kazi ya kumletea orodha.

Mwisho ni hili la umri, ambalo huwatesa vijana kuliko hata umaskini. Kijana wa miaka 22 ambaye wenziwe wamekwisha kuajiriwa hujiona mzee aliyeachwa na jahazi, ilhali Siti binti Saad katika umri huo alikuwa angali akiuza vyungu, na Tingatinga alikuwa hajawahi kushika brashi ya picha ya kuuza. Maisha ya kazi ni marefu, hufika miaka arobaini na zaidi, na ndani yake mna nafasi ya kuanza upya mara moja au mbili bila ya kuharibikiwa, mradi kila mara mtu aondoke na ujuzi mkononi, jina jema kwa aliyemfundisha, na sababu anayoweza kuisema bila ya kuona haya. Aliyemaliza shule mwaka huu hadaiwi kuyachagua maisha yake yote kabla ya mwezi wa Julai. Anadaiwa kitu kidogo kuliko hicho na kigumu kuliko hicho: kuingia katika kazi moja ya halali, kuifanya vizuri mpaka aweze kuihukumu kwa haki, na kuwa mkweli wa hukumu atakayoitoa.